Mkono Uliofunga

Baiskeli ilikuwa imeshashika njia, Recheli amekaa nyuma kwenye keria, na mamamkwe wake bado anatufuata kwa miguu kando ya shamba la tumbaku lililobaki mabua matupu. Ni mama mzito, anapumua kwa shida, lakini hakutaka kurudi nyumbani kabla hajasema la mwisho.

"Mjomba," akaniita. Pale Kigwa wakubwa kwa wadogo wananiita hivyo, kwa kuwa mimi ni mjomba wa Recheli. "Mkifika huko msikubali mtu mwingine amguse. Mkono uliofunga ndio unaofungua. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, mama."

"Hata akija daktari mwenye miwani."

"Hata akija amevaa miwani juu ya miwani," nikamwambia.

Recheli akacheka, baiskeli ikayumba, nikaiweka sawa. Nilifurahi kumsikia, maana tangu nifike pale nilikuwa sijamwona akicheka. Mamamkwe akasimama, akashika kiuno, akatuangalia mpaka tukaingia kwenye miti.

Recheli ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi kazi yangu ni kutembea. Natoa chumvi Uvinza naileta huku, asali ya huku naipeleka kule, njia ileile waliyopita wapagazi wa zamani, ila wao walibeba mabegani na mimi nina baiskeli. Kila nikipita Kigwa nalala kwa Recheli. Safari hiyo nilimkuta ameketi mlangoni, kitenge kimemlegea mabegani, midomo imepauka. Nikadhani kifua kikuu.

"Hapana, mjomba," akasema. "Ni kijiti."

Kijiti, kwa asiyekijua, ni kitu kama njiti ya kiberiti, laini, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, huku juu, na ndani yake mna dawa ya kuzuia mimba. Wanawake wengi kinawakubali, wanakisahau kama wanavyosahau kovu la chanjo. Recheli kilimkataa. Damu ya mwezi ikawa haina mwezi: leo inatoka, kesho inakatika, keshokutwa inaanza tena, na hivyo hivyo tangu masika ya mwaka uliopita. Hakuwa anakufa, lakini hakuwa na raha ya kuishi, na nguvu za jembe zilikuwa zimemwisha.

Pale Kigwa kuna zahanati, na kwenye zahanati kuna nesi kijana, Koleta, anayejua kukitoa. Ni kazi ya muda mfupi tu. Recheli alikataa asimguse. Kijiti kilikuwa kimewekwa na nesi mwingine, Sista Advera, naye Advera alikuwa ameshahamishiwa Nzega. Basi Recheli akasema atakitoa Advera au hakitatoka.

Sababu yake mtu wa kwetu anaielewa bila kuelezwa. Bibi zetu walikuwa na pigi. Ni kipande cha mti wa dawa, kidogo, kinashonewa ndani ya kitambaa cheusi, mwanamke anafungwa kiunoni ili asishike mimba. Na pigi ina mwiko wake: aliyefunga ndiye afungue. Akifungua mwingine, tumbo ama linabaki limefungwa maisha, ama linafunguka vibaya, damu inamwagika yote. Kanisani pigi ni dhambi. Recheli ni Mmoravian wa kubatizwa, mwimbaji wa kwaya, pigi hajawahi kuvaa. Lakini mwiko wa pigi aliujua, kama mtu anavyojua kutopiga mluzi ndani ya nyumba.

Na mimi sikubishana naye. Nzega nilikuwa na mtu wa asali wa kumwona hata hivyo.

Njia ina mchanga, kuna mahali baiskeli haipiti na abiria. Alishuka tukawa tunaisukuma pamoja, yeye upande huu, mimi upande ule, tunazungumza.

"Kwani vidonge vilikuwaje?" nikamuuliza.

"Vilinitapisha. Na wakati wa bani nilivisahau." Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Moto wake hauachwi kuzimika, na watu wanalala kwa zamu mpaka hawajui leo ni jana. "Nikameza vya siku mbili kwa mpigo, nikatapika vyote viwili."

"Na sindano?"

"Sindano ilinikubali mwanzoni. Halafu kichwa, mjomba. Kichwa kama mtu anatwanga humu. Sista akanipima, presha iko juu, akasema tuiache."

"Na Benjamini naye anasemaje?"

Tukasukuma baiskeli kidogo.

"Benjamini sista alimwambia kuna njia ya mwanaume. Anafungwa mirija, hata kulazwa halazwi, anarudi nyumbani jioni ileile. Unajua alijibu nini? 'Sista, zizini kwangu nina maksai wawili, wananitosha. Wa tatu wa nini?' Benchi zima likacheka. Na sista akacheka."

Maksai ni dume la ng'ombe lililohasiwa, ndilo linalovuta plau. Mimi pia nilitaka kucheka, nikamwangalia usoni, nikaacha.

"Na mipira?"

"Anasema pipi hailiwi na karatasi yake. Akinywa kidogo tu, anasahau hata iko wapi."

Benjamini si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki na kumsubiri nje juani wakati wanaume wenzake wako kilabuni. Siku ya harusi yao watani walisimama wakasema Recheli anaolewa na Benjamini, yaani mama anaolewa na kitindamimba wake mwenyewe, na watu wanaojua Biblia wakacheka mpaka machozi. Habari ile kwenye Biblia ina sehemu nyingine mbele yake. Siku ile hakuna aliyeifikia.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Recheli alikuwa na watoto watatu. Wawili wa mwisho walitolewa kwa upasuaji, na huyu wa mwisho alipotolewa damu ilimwisha mpaka ndugu wakapangwa mstari kumchangia. Daktari wa Tabora akawaita wote wawili, mume na mke, akawaambia wazi: kovu la kizazi limekuwa jembamba, mimba nyingine inaweza kukipasua, na kikipasuka mko Kigwa hamtawahi. Akawashauri afunge kizazi kabisa. Recheli akasema watafikiri.

"Kwa nini hukufunga?" nikamuuliza siku hiyo kwenye mchanga.

"Kufunga kabisa ni kumwambia Mungu hawa watatu umeshanipa risiti, huwezi kuwadai tena," akasema. "Mama Renatus pale ng'ambo alifunga. Surua ikapita, wawili wakaondoka wiki moja. Sasa anakaa anaangalia barabara." Akafunga kitenge upya. "Mimi sitaki mtoto mwingine, mjomba. Nataka kuwalea hawa. Nataka tu kitu kitakachonikubali."

Tabora tulishukia Ipuli, nyumbani kwa Mwanajuma. Huyu ni mshonaji, mjane, mtu wa Tabora tangu enzi za mababu zake, na mizigo yangu huwa naiweka kwake. Alikuwa barazani na cherehani yake.

"Hodi."

"Karibu. Haa, Masele. Misafara iliisha, wazungu wakaja wakaondoka, reli ikajengwa, pagazi umebaki wewe peke yako. Na huyu binti umempakia kama gunia?"

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Shikamoo, mama," Recheli akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani upumzike, huyu mjomba wako hana makalio ya kukaa mahali."

Tuliacha baiskeli kwake, kesho yake tukapanda basi la Nzega.

Advera tulimkuta kwenye kituo kimoja cha afya, amevaa koti jeupe na ndara za bluu. Ni mwanamke wa Bukoba, maneno yake ya haraka, mikono yake ya haraka zaidi. Alipomwona Recheli alisimama.

"Mama Eliya wa Kigwa. Umetoka kote huko? Si nimewaachia Koleta pale? Nilimfundisha mwenyewe kutoa."

"Wewe ndiye ulifunga, sista."

"Mimi niliweka. Sikufunga kitu."

Nilimwona Recheli ameinamisha uso, amekunja mdomo, kama mtu anayesikia neno lakini anajua lake.

Waliingia ndani. Mimi nilikaa kwenye benchi na akina mama na watoto wao, wakawa wananiangalia wakijiuliza huyu babu amekuja kupanga uzazi gani. Mmoja akaniuliza kabisa. Nikamwambia nimekuja kuuliza kama mimi bado niko kwenye foleni ya wanaozaa. Wakacheka. Baadaye Advera akachungulia nje.

"Mzee, wewe ni nani wake?"

"Mjomba."

"Mume hajaja, basi ingia wewe. Masikio manne yanasikia kuliko mawili."

Recheli alikuwa amekaa kwenye kitanda, bendeji mkononi. Kwenye sahani ya chuma kilikuwa kijiti chenyewe, cheupe, kidogo cha kushangaza, na tone la damu kando.

"Sasa sikilizeni," Advera akasema. "Kijiti hiki kimetoka. Msije mkadhani kuna dawa imebaki mwilini ya kumlinda. Kijiti kikiondoka, kinga inaondoka nacho. Mimba inaweza kuingia hata wiki hii. Umenielewa, Mama Eliya?"

"Nimekuelewa, sista."

"Kwa hiyo leo hutoki hapa mikono mitupu. Vidonge vile siwezi kukurudishia, una presha. Sindano hivyo hivyo. Wewe nakuchagulia hiki hapa." Akafungua droo, akatoa kitu kidogo chenye umbo la T, kimezungushiwa waya mwekundu, uzi unaning'inia. "Hiki hakina dawa yoyote ndani. Hakipandishi presha, hakiumizi kichwa. Ni shaba tu. Shaba kama bangili za bibi yako. Miezi ya mwanzo damu inaweza kuwa nzito kidogo, halafu mwili unazoea. Kinakaa miaka, na siku ukikitaka kitoke, kinatoka."

Recheli alikishika. Nilimwona amependezwa na ile shaba, aliigusa kwa kidole.

"Kinaitwaje, sista?"

"Kitanzi."

Akakirudisha mezani.

Kwetu kitanzi ni kimoja. Watoto wanatega kanga nacho, na mtu aliyechoka na dunia anakifunga juu ya mti. Advera naye aliona uso wake ulivyobadilika, akajaribu.

"Ni jina tu. Waliotangulia waliona umbo la zamani, lilikuwa la mviringo, wakaliita hivyo."

"Kinakaa wapi?"

"Ndani ya kizazi."

"Bangili inakaa mkononi, sista. Kitanzi ndani ya kizazi ambacho tayari ni kibovu? Mimi si kanga."

"Basi kufunga."

"Nitazungumza na Baba Eliya."

"Baba Eliya wa maksai?"

Wote wawili wakacheka kidogo, lakini kicheko kile hakikuwa na mafuta. Advera akapumua. Akachukua mipira, boksi zima, akaitia kwenye mfuko wa Recheli.

"Hii ni ya kuvukia mto tu, si ya kujengea nyumba. Mwezi ujao urudi hapa, au uende kwa Koleta, mimi nitampigia simu. Usiende nyumbani ukakaa. Leo unaondoka na nini? Niambie kwa mdomo wako."

"Ninacho, sista," Recheli akasema. "Usiwe na wasiwasi, ninacho."

Advera akadhani anasema mipira. Mimi nilidhani hivyo hivyo. Halafu Recheli akasema, kwa sauti ya chini, ya kuomba:

"Sista, naomba kijiti changu."

"Cha nini tena?"

"Nikamwonyeshe Baba Eliya kwamba kimetoka. Ataamini akikiona."

Advera akatikisa kichwa. Alisema utaratibu hauruhusu, kinatakiwa kutupwa. Lakini alikuwa ameshawahi kuona waume wanaosema mke anawadanganya. Akakiosha kwa spiriti, akakiviringisha kwenye pamba na kipande cha bendeji, akampa. Recheli akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama tunavyopokea kitu cha mkubwa.

Tuliporudi Ipuli alikuwa mtu mwingine. Alikula. Alimsaidia Mwanajuma kuchambua mchele, wakawa wanachekeshana. Jioni nikamsikia akimwomba kipande cha kaniki.

"Kaniki ya nini, una msiba?" Mwanajuma akamuuliza.

"Kipande tu, mama. Cha ukubwa wa kiganja. Na uzi."

"Siku hizi mabinti wanataka satini, wewe unaniomba kaniki." Akampa, akampa na sindano.

Mimi nilikuwa nafunga mizigo. Nilimfikisha Kigwa, nikamkabidhi kwa mumewe, nikamweleza Benjamini maneno yote ya Advera mbele ya mama yake: kinga hakuna, mimba inaweza kuingia wiki hii, mwezi ujao arudi. Benjamini alitikisa kichwa kwa kila neno. Mamamkwe akauliza jambo moja tu.

"Amefungua yuleyule?"

"Yuleyule."

"Basi Bwana asifiwe," akasema.

Nikaondoka. Nilikwenda Urambo, Kaliua, nikafika Uvinza, nikapata homa huko, nikakaa kuliko nilivyokusudia. Mara mbili nilipiga simu Kigwa. Recheli alikuwa mzima, damu imekoma, anaimba tena kwaya. Koleta alikuwa amemfuata nyumbani mara moja, naye Recheli akamjibu yuko salama, anacho chake. Niliporudi mvua zilikuwa zimeanza na watu wako mashambani wanapanda miche ya tumbaku.

Nilimwona kwa mbali. Wenzake wote wameinama, yeye amepiga magoti, anasogea kwa magoti kutoka shimo hadi shimo. Nilipokaribia akainuka kwa kujishikiza kwenye jembe, nikaliona tumbo.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Tukatembea mpaka pembeni ya shamba, tukakaa juu ya magogo ya kuni za bani. Hakulia. Alikuwa ameshalia kabla sijafika, nadhani.

"Hukurudi kwa Koleta."

"Sikuona haja, mjomba. Nilikuwa nacho."

"Mipira?"

"Ile hata sikuifungua. Nilikuwa nacho hiki." Akafunua kitenge kidogo upande wa kiuno, juu ya gauni, akanionyesha uzi mweusi na kifuko cha kaniki kilichoshonwa vizuri, mishono midogo midogo. Sikuhitaji kuuliza ndani mna nini.

"Recheli."

"Pigi ni dhambi, najua. Lakini hii haikutoka kwa mganga, mjomba. Imetoka hospitali, imeoshwa na spiriti. Hata mchungaji angeniuliza ningemwonyesha." Alikuwa anaeleza taratibu, kama mwanafunzi anayeonyesha hesabu yake ilivyokwenda. "Mkononi kilinikataa. Nikaona kumbe mahali ndipo hapakifai, si chenyewe. Kiunoni kilikaa vizuri, damu ikakoma kabisa, nguvu zikarudi. Nikasema nimepata kinachonikubali. Na sista alisema mwenyewe, wewe ulikuwepo. Alisema kijiti kikiondoka, kinga inaondoka nacho. Ndiyo maana nikaondoka nacho."

Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa ya mbali mbali. Kule shambani watu walikuwa wanaitana wamalize mstari.

"Nilikosea kitu kimoja tu," akasema. "Nilifunga mwenyewe. Ningemwomba sista afunge kwa mkono wake."

Nilimweleza. Nilimwambia dawa iko ndani ya kijiti, inaingia kwenye damu kikiwa chini ya ngozi, kikitoka ni plastiki tu, sawa na kifungo cha shati. Alinisikiliza kwa adabu. Mwisho akauliza:

"Sasa nikivue?"

"Kivue."

"Naogopa. Kama kimekosa kuzuia kuingia, labda kinazuia kutoka. Nikikifungua sasa tumbo si litafunguka?"

Nikampigia Advera palepale, simu ikishika mtandao na kupotea. Nikamweleza kwamba Recheli ana mimba. Kisha akasema maneno machache: asikae Kigwa, asisubiri uchungu, mwezi wa nane wa mimba usimkute mbali na hospitali kubwa, afanyiwe upasuaji kwa siku iliyopangwa. "Na mwambie mimi nimesema," akamaliza. "Mwambie Sista Advera anasema." Lakini nilipomgeukia Recheli nimpe simu azungumze naye, mtandao ulikuwa umekwenda.

Tulikaa kikao nyumbani, Benjamini, mama yake, Recheli na mimi. Benjamini alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakwaruza matope kwenye kiatu kwa kijiti cha ufagio, akagundua ameshika nini, akakitupa. Alikubali kila kitu. Mwanajuma nilimpigia, akasema chumba kipo, mlete hata leo.

"Tuvune kwanza majani ya chini," Recheli mwenyewe akasema. "Siwezi kumwachia Baba Eliya shamba na watoto na bani peke yake. Bani la kwanza likizimwa, naondoka."

"Ondoka sasa," nikamwambia.

"Mjomba, wewe umezoea kuondoka. Sisi wengine tunaondoka tukishamaliza."

Mamamkwe akasema bani la kwanza halichelewi. Benjamini akasema atampeleka mwenyewe. Mimi nikatangulia Ipuli kumtengenezea mahali, nikamfungia Mwanajuma kitanda kilicholegea, nikanunua chandarua.

Bani la kwanza likawashwa. Siku ya tatu ya moto, uchungu ukaanza, kabla ya wakati wake. Benjamini akamwita jirani mwenye pikipiki, wakamweka Recheli katikati. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na njia ile ya mchanga ilikuwa mto. Mara mbili walishuka wakambeba mikononi kuvuka maji. Kabla hawajafika kwenye barabara kubwa akasema kuna kitu kimekatika ndani, na kwamba maumivu yamepoa. Benjamini alifurahi aliposikia maumivu yamepoa. Hakujua maana yake.

Walimfikisha Tabora akiwa hai. Mimi na Mwanajuma tulimkuta Benjamini nje ya mlango wa upasuaji, matope mpaka magotini, ameshika kandambili moja ya mkewe. Nyingine ilibaki majini. Ndani walimtoa mtoto, akalia. Recheli hawakuweza kumzuia.

Alizikwa Kigwa, kwenye makaburi ya kanisa. Mchungaji alisoma Zaburi. Kitabu cha Mwanzo, chenye habari ya Recheli wa kwanza kufa akimzaa Benjamini, hakukigusa, na watani waliokuwepo siku ya harusi walichimba kaburi bila kusema neno.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa na mvua, anaitwa Kabula. Analelewa na bibi yake, anatembea sasa, ana afya.

Eliya anasoma Kigwa palepale, darasa la tano. Wadogo zake wawili wako naye.

Tumbaku ya bani lile iliungua, maana moto haukuwa na mtu wa kuutazama. Benjamini hajaoa. Maksai wake wote wawili aliwauza mnadani mwaka uleule, na sasa analima kwa jembe la mkono.

Koleta bado yuko zahanati ya Kigwa. Advera bado yuko Nzega. Nilipita kwake nikamweleza yote, akakaa kwenye kile kitanda cha wagonjwa, akavua ndara, akavaa tena. Siku hizi kijiti akikitoa anakitupa mbele ya macho ya mwenyewe. Na kile kingine hakiiti tena kitanzi. Anakiita shaba.

Mwanajuma anashona. Kaniki hauzi kwa mtu asiyemjua.

Kifuko cha Recheli manesi wa chumba cha upasuaji walikikata kwa mkasi, wakakitia kwenye mfuko wa nguo zake. Mamamkwe alipofungua mfuko ule nyumbani akauona uzi umekatwa. Alikaa nao mapajani siku nzima ya msiba. Mpaka leo, nikimweleza habari ya kovu na damu, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema kwamba mkasi ule haukuwa mkono uliofunga.

Mimi bado natoa chumvi Uvinza. Kigwa napita, lakini silali.